Mbao za Sakafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kiasi cha Kununua

Haya ni maswali ambayo wakazi wa Nairobi huuliza kabla ya kununua mbao za kutandika sakafuni, ziwe za lamineti, za vinili ngumu, za mti halisi zenye ulimi na mfuo, au vipande vya parketi. Majibu yanashikilia jambo moja: eneo la chumba hukuonyesha kiasi cha pesa utakachohitaji, lakini ni hesabu ya mistari, yaani safu za mbao kutoka ukuta hadi ukuta, inayokuonyesha idadi ya mbao, na anayetaka kununua kiasi cha kutosha bila kutupa pesa hufanya hesabu zote mbili kabla ya kulipa.

Nipime vipi chumba?

Pima urefu katika sehemu tatu, yaani kwenye ukuta mmoja, katikati, na kwenye ukuta wa pili, kisha fanya vivyo hivyo kwa upana. Kati ya vipimo hivyo, chukua kile kikubwa zaidi. Kuta za nyumba nyingi mjini hazisimami sambamba, kwa kuwa plasta huwa nene upande mmoja kuliko mwingine, na si ajabu kukuta chumba kilichozidi kwa sentimita 4 au 5 karibu na dirisha. Anayepima mara moja tu katikati hatalijua hilo hadi mstari wa mwisho utakapokataa kufika ukutani.

Ikiwa utaondoa sketingi ya zamani, pima kutoka ukuta hadi ukuta. Ikiwa itabaki, pima kutoka sketingi hadi sketingi. Mlangoni, ongeza unene wa ukuta hadi mahali ambapo sakafu mpya itakomea, kwa kawaida chini ya ubao wa mlango ukiwa umefungwa. Chora ramani ya chumba kwenye karatasi, hata kama mkono wako si wa mchoraji, uandike kila kipimo mahali pake na uende nayo dukani.

Nitumie futi au mita?

Tumia kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Huku kwetu chumba hutajwa kwa futi, lakini maboksi ya lamineti na vinili huandikwa kwa mita za mraba, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Mita 1 ya mraba ni sawa na takriban futi 10.76 za mraba. Ukiwa na eneo kwa futi za mraba, ligawe kwa 10.76 upate mita za mraba.

Kuna kosa jingine linalojificha zaidi. Futi 12 na inchi 6 si 12.6, bali ni 12.5, kwa sababu futi moja ina inchi 12, wala si 10. Futi 9 na inchi 10 ni 9.83, si 9.10. Chumba chenye vipimo hivyo viwili kina takriban futi 122.9 za mraba, aliyeandika 12.6 mara 9.10 atapata futi 114.7 za mraba, na atakuwa amejipunguzia zaidi ya futi 8 za mraba kabla hata ubao wa kwanza haujakatwa. Kwa sababu hiyo ni vyema kutumia upande wa sentimita wa tepu, kisha kuandika kila kipimo kwa mita.

Chumba changu si mstatili. Nifanyeje?

Kigawe katika mistatili midogo, pima kila mmoja peke yake, kisha jumlisha. Sebule yenye sehemu ya kulia chakula iliyochomoza upande mmoja ni mistatili miwili tu. Nguzo za zege zinazotokeza kwenye pembe za vyumba vya ghorofa usizitoe katika hesabu, kwa maana mbao zinazokatwa kuizunguka nguzo hupotea kwa kiasi kile kile, na pengine zaidi. Unaweza kutoa sehemu iliyokaliwa na makabati ya jikoni yaliyojengewa sakafuni, kwa sharti kwamba yatabaki hapo. Kabati la nguo linaloweza kusogezwa usilitoe kamwe.

Nikishapata eneo, nitajuaje idadi ya maboksi?

Chukua eneo, ongeza asilimia ya vipande vitakavyopotea katika kukata, kisha gawanya kwa eneo ambalo boksi moja linafunika. Jibu likitoka na desimali, panda hadi namba nzima inayofuata, hata kama desimali hiyo ni ndogo.

Tuchukue sebule ya mita 5.2 kwa mita 3.9. Eneo lake ni mita 20.28 za mraba, na ukiongeza asilimia 10 linakuwa mita 22.31 za mraba. Tuseme umechagua lamineti ambayo kila ubao una urefu wa milimita 1,220 na upana wa milimita 180, na boksi lina mbao 10. Boksi moja litafunika mita 2.196 za mraba. Ukigawanya 22.31 kwa 2.196 unapata 10.16, kwa hiyo ni maboksi 11. Soma kipimo kilichochapishwa kwenye boksi lenyewe, kwa sababu maboksi mawili yanayofanana kwa macho dukani yanaweza kufunika maeneo tofauti.

Hesabu ya mistari ni nini, na kwa nini mnaisisitiza?

Ni kuzitandika mbao kwenye karatasi kabla ya kuzitandika sakafuni. Lamineti na vinili za kubana, yaani zile zinazounganishwa kwa mshiko wa ukingoni, huachiwa mwanya ukutani, kwa kawaida wa takriban milimita 10, ili zipate nafasi ya kutanuka. Katika sebule ile ile, upana wa mita 3.9 ukitoa mianya miwili unabaki mita 3.88. Ukigawanya kwa upana wa ubao, yaani mita 0.18, unapata 21.56, kwa hiyo utakuwa na mistari 22, na mstari wa mwisho utapasuliwa ubaki na upana wa karibu sentimita 10.

Sasa angalia urefu. Mita 5.18 ukigawanya kwa 1.22 unapata 4.246, maana yake kila mstari unachukua mbao nne nzima na kipande cha kama sentimita 30. Kipande kinachobaki baada ya kukata ubao wa tano kina urefu wa sentimita 92, na hicho ndicho kinachoanza mstari wa pili, kwa sababu upande wake usiokatwa bado una mshiko wa kuunganishwa na ubao unaofuata. Ukiendelea hivyo utaona kwamba kila mistari minne inatumia mbao 17, na chumba kizima kinatumia mbao 94. Viungo navyo vinaachana kwa zaidi ya sentimita 29 kutoka mstari hadi mstari, jambo ambalo ni la lazima ili sakafu isiwe dhaifu mahali pamoja.

Sasa una habari ambayo asilimia peke yake isingekupa. Maboksi 10 yana mbao 100, kwa hiyo yangetosha na kubakisha mbao 6, ikiwa hakuna ubao utakaovunjika mshiko wala atakayekosea kukata. Maboksi 11 yanabakisha mbao 16. Maoni yangu ni kwamba ununue 11, kwa sababu mbao 6 ni akiba finyu kwa sakafu itakayokaliwa miaka mingi, lakini angalau sasa unajua kwamba boksi la kumi na moja ni akiba, na kwamba fundi akikuomba la kumi na tatu una haki ya kuuliza linakwenda wapi.

Mistari inakuonyesha jambo jingine pia. Ikiwa mstari wa mwisho utatoka na upana wa sentimita 2 tu, hautashikika vizuri. Hapo ubao wa mstari wa kwanza nao hupasuliwa, ili mstari wa kwanza na wa mwisho ikaribiane kwa upana. Idadi ya mistari haibadiliki, ila lazima ujue mapema, maana mstari wa kwanza ukishatandikwa hakuna kurudi nyuma.

Niongeze asilimia ngapi hasa?

Kwa mbao zinazotandikwa sambamba na ukuta katika chumba cha mstatili, asilimia 10 inatosha, na katika chumba kikubwa chenye kuta zilizonyooka asilimia 7 inaweza kutosha. Zikitandikwa kwa mshazari, ongeza 15, kwa kuwa kila mstari unakatwa pembe kwenye ncha zote mbili na pembe nyingi hazina matumizi tena. Mtindo wa mfupa wa samaki huhitaji 15 hadi 20, na kama ni mbao za kubana, muulize muuzaji iwapo zinakuja kwa aina mbili, za kulia na za kushoto, maana hizo hununuliwa nusu kwa nusu na ukikosea utabaki na rundo la upande mmoja. Chumba chenye kona nyingi kiongezee asilimia 5 juu ya hizo.

Mbona korido ndogo inakula mbao nyingi?

Kwa sababu katika nafasi nyembamba vipande vinavyobaki havipati pa kwenda. Fikiria korido ya mita 1.1 kwa mita 6.2, aina inayopatikana katika nyumba nyingi za ghorofa za Kilimani na Kileleshwa, na mbao zile zile za milimita 1,220. Ukizilaza kwa urefu wa korido, mbao tano nzima zinafika mita 6.10 na kubakisha sentimita 8, kipande ambacho ni kifupi mno kutandikwa. Itakubidi ukate ubao wa kwanza pia, na mara nyingi utaishia kutumia mbao 6 kwa kila mstari, yaani mbao 36 kwa mistari 6. Ukizilaza kwa kukingama, kila ubao unakatwa ubaki na mita 1.08, sentimita 14 zinatupwa kila mara, na unahitaji mbao 35. Hesabu ya eneo pamoja na asilimia 10 ingekuambia ununue mbao 34 na kitu. Kwa wauzaji wanaouza maboksi mazima utaokolewa na boksi la nne, lakini anayenunua mbao moja moja anaweza kupungukiwa. Kwa korido, hesabu mistari kwanza, na asilimia iache ije baadaye.

Mbao za mti halisi zenye ulimi na mfuo huhesabiwa vipi?

Hizi, ambazo wauzaji huziandika T&G, huuzwa kwa futi za urefu, na hapa mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Ubao unaoitwa wa inchi 4 haufuniki inchi 4. Randa imekula sehemu yake, na ulimi unaingia ndani ya mfuo wa ubao jirani, kwa hiyo sehemu inayoonekana juu huenda ikawa inchi 3 na nusu. Usikisie: katika mabanda ya mbao ya Gikomba au ya Industrial Area, omba mbao tano ziunganishwe chini, pima upana wa zote pamoja, kisha gawanya kwa tano. Kipimo hicho ndicho cha kutumia. Muuzaji mwenye mbao nzuri hatakunyima dakika hizo.

Chukua chumba cha futi 12 kwa futi 10, yaani futi 120 za mraba. Anayeamini kwamba ubao unafunika inchi 4 atapata futi 360 za urefu. Kwa inchi 3 na nusu, jibu sahihi ni futi 411 na kidogo kabla ya kuongeza chochote. Ukihesabu kwa mistari, inchi 120 ukigawanya kwa 3.5 unapata 34.3, yaani mistari 35 ya futi 12, ambayo ni futi 420. Tofauti ya futi 60 ni pesa nyingi, na ni sawa na mistari mitano mizima isiyokuwepo.

Halafu uliza urefu wa mbao zilizopo. Ukipewa mbao za futi 14 kwa chumba cha futi 12, kila ubao unapoteza futi 2, na kwa mistari 35 ni futi 70 ambazo umezilipia. Vipande hivyo vya futi 2 vinaweza kutumika tu kama viungo vyake vitaangukia juu ya boriti au kama sakafu imegundishwa moja kwa moja kwenye zege. Ni afadhali kungoja mbao za futi 12 kuliko kubeba zisizofaa kwa sababu zilikuwa karibu.

Ukavu wa mti nao umo katika hesabu. Ubao mbichi husinyaa kwa upana baada ya kutandikwa, na mistari 35 ikipungua milimita 2 kila mmoja, umepoteza sentimita 7, ambazo zitaonekana kama nyufa chumba kizima. Mbao zilizorundikwa nje wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, au za vuli, Oktoba hadi Desemba, zinahitaji muda wa kukauka ndani kabla ya kupimwa upana wake, la sivyo utapima upana ambao hautadumu.

Na parketi ya muhugu?

Muhugu ni mti mgumu sana, na bado unasimama katika misitu ya Karura na Ngong hapa mjini. Parketi yake ndiyo inayopatikana katika nyumba nyingi za zamani za Nairobi. Vipande ni vidogo, kwa hiyo vinavyopotea katika kukata ni vichache na asilimia 5 huwa inatosha kwa hilo. Kinachokula zaidi ni uteuzi: katika kila gunia kuna vipande vilivyopinda, vyenye tundu au vyenye rangi isiyolingana na vingine, kwa hiyo ongeza asilimia 5 nyingine. Anayeziba pengo katika sakafu ya zamani akumbuke kwamba sakafu hiyo imepigwa msasa mara kadhaa na imepungua unene. Abebe kipande kimoja cha zamani akalinganishe.

Nina vyumba vitatu. Nipige hesabu ya kila kimoja?

Pima kila kimoja peke yake, lakini panda hadi namba nzima mara moja tu, mwishoni. Tuseme kila chumba ni cha futi 10 kwa 10: kina mita 9.29 za mraba, na ukiongeza asilimia 10 kinahitaji maboksi 4.65 ya aina ile ya mita 2.196. Ukipandisha kila chumba utanunua maboksi 15. Ukijumlisha kwanza unapata 13.96, yaani maboksi 14. Bila shaka, hili linafaa tu ikiwa vyumba vyote vinapata mbao za aina moja.

Fundi ameniambia ninunue zaidi ya hesabu yangu. Nimuamini?

Mwombe kwa heshima akuonyeshe mistari yake. Fundi mzoefu mara nyingi ana sababu: ameona ukuta uliopinda, anajua aina hiyo ya vinili huvunjika mshiko, au amefikiria upande wa kulaza ambao wewe hukuufikiria. Pia ndiye atakayepoteza siku mbao zikiisha saa nane mchana na duka likawa ng'ambo ya mji, na tahadhari yake inastahili kuheshimiwa. Lakini anayesema maboksi 15 kwa chumba kinachohitaji 11, na hana la kueleza ila kwamba ndivyo inavyokuwa, usimkubalie. Na anayesema 10 bila hata kufungua tepu naye asiharakishwe kuaminiwa.

Nilinganishe bei vipi?

Geuza kila bei iwe ya mita moja ya mraba. Boksi la shilingi 2,700 linalofunika mita 1.8 linagharimu shilingi 1,500 kwa mita ya mraba, ilhali la shilingi 3,080 linalofunika mita 2.2 linagharimu shilingi 1,400, ingawa lebo yake inaonekana kubwa. Hakikisha pia kwamba bei zote mbili zimejumuisha ushuru wa VAT wa asilimia 16, au zote mbili hazijajumuisha.

Vipi kuhusu sketingi na tandiko la chini?

Sketingi huhesabiwa kwa mzingo wa chumba. Sebule yetu ina mzingo wa mita 18.2, ukitoa mlango wa sentimita 90 inabaki mita 17.3, ambazo kwa sketingi za mita 2.4 ni vipande 8, na cha tisa kwa ajili ya pembe. Tandiko la povu linafuata eneo la chumba, na halihitaji zaidi ya asilimia 5. Nyumba ya chini iliyojengwa juu ya ardhi inahitaji pia karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, ambayo vipande vyake hupandana kwa sentimita 20 hivi. Vinili nyingi huja na povu lake lililogundishwa chini, na hizo hazihitaji jingine.

Naweza kununua kidogo kidogo kadiri pesa zinavyopatikana?

Kwa chumba kimoja, hapana. Kila boksi lina nambari ya toleo, na mbao za matoleo mawili zinaweza kutofautiana kwa rangi au hata kwa mshiko kiasi cha kukataa kubana. Nunua zote siku moja, linganisha nambari kabla ya kupakia kwenye pikapu, na omba iandikwe kwenye risiti iwapo boksi lisilofunguliwa litapokelewa likirudishwa. Yalaze maboksi bapa ndani ya chumba kwa saa 48 kabla ya kazi kuanza. Wanaokaa ghorofa ya nne bila lifti wafikirie uzito pia: boksi la lamineti la ukubwa tuliotaja, la unene wa milimita 8, hukaribia kilo 15.

Mbao zimeniishia kazi ikiwa katikati. Sasa?

Simamisha kazi kwanza, usiruhusu vipande vya urefu wa kiganja vianze kuunganishwa ili kumalizia. Kama kuna mahali ambapo kabati au kitanda kizito kitafunika, mbao nzima zilizokusudiwa kwa sehemu hiyo zihamishiwe mahali panapoonekana, na hapo patakapofichika pangojee boksi jingine. Nenda dukani na boksi tupu lenye nambari ya toleo, si na picha ya simu peke yake. Nambari hiyo ikiwa haipatikani tena, chukua toleo linalokaribiana zaidi, ulijaribu kubana na ubao wako pale pale kaunta, kisha mwambie fundi alianzishe mlangoni mwa chumba kinachofuata au chini ya kabati, asilichanganye na mistari iliyokwisha kutandikwa sebuleni.